Kidari chekundu: oksijeni inavyoifikia misuli ya ndege kwenye hewa hafifu

Kuanzia Septemba hadi Aprili, maji yakitoka Ghuba ya Chwaka, Unguja, mchanga tope hujaa vitwitwi. Wengi wao ni wageni wa msimu. Mmoja wao, kitwitwi mdogo ambaye kifua chake hugeuka rangi ya kutu siku za kurudi kwao zikikaribia, huzaa kwenye nyanda za juu za Pamir na Tibet, katikati ya Asia, zaidi ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Huku kwetu huokota kaa wadogo na minyoo kwenye visiwa visivyo na kilima hata kimoja cha kufika mita 150. Misuli ileile ya kidari inayomrusha juu kidogo ya mikoko ya Chwaka ndiyo inayotakiwa imvushe maeneo ambako mtu akishushwa ghafla huhema hata akiwa amekaa.

Kuruka kwa kupiga mbawa ni kazi ghali. Ndege anayepiga mbawa hutumia oksijeni mara 10 au zaidi ya ile anayoitumia akiwa ametulia, na karibu yote huenda kwenye misuli ya kidari. Misuli hiyo haina akiba ya maana. Ikipunguziwa oksijeni, nguvu hushuka papo hapo, na ndege hushuka nayo.

Watu wakisikia habari za ndege wanaopita juu ya Himalaya hutafuta siri moja: damu ya ajabu, au moyo mkubwa, au mapafu ya namna yake. Siri moja haipo. Oksijeni hutoka hewani, huingia mapafuni, hudakwa na damu, husukumwa na moyo, hushukia kwenye vishipa vya msuli, na mwisho huzama ndani ya seli. Kila makabidhiano hula sehemu ya mgandamizo wake. Ndege wa juu amerekebishwa kidogo katika kila makabidhiano, na jumla ya hayo madogo ndiyo inayomweka angani.

Kinachopungua huko juu

Kwanza tuondoe kosa la kawaida. Asilimia ya oksijeni hewani haipungui mtu anavyopanda. Ufukweni Paje ni karibu asilimia 21, na kileleni Everest ni karibu asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa nzima, na oksijeni hupungua pamoja nao.

Usawa wa bahari mgandamizo ni milimita 760 za zebaki, kipimo kilekile anachokitaja daktari anapokupima presha. Fungu la oksijeni ndani yake ni milimita 159. Ukifika mita 5,500, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, mgandamizo wote umebaki kama 380, yaani nusu. Mita 9,000 umebaki kama 230.

Lakini hesabu haiishii hapo, na hapa ndipo maelezo mengi hukatiza njia. Hewa ikishaingia kooni hupashwa joto na kuloweshwa. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 41 hivi, na kwa joto hilo mvuke wa maji huchukua milimita 58 za zebaki, ndege awe Chwaka au awe Himalaya. Hewa inapungua, mvuke haupungui. Toa hizo 58 kwanza, kisha ndipo uchukue asilimia 21 ya kilichobaki. Kwa ndege aliyeko Unguja utapata kama 147. Mita 5,500 utapata 67. Mita 9,000 utapata 36. Kwa hiyo pale ambapo hewa ya nje imepungua hadi chini kidogo ya theluthi, oksijeni inayofika mlangoni mwa mapafu ni robo tu ya ile ya pwani.

Na wakati kinachoingia kinapungua, kinachotakiwa kinaongezeka. Bawa hubebwa na uzito wa hewa linayoisukuma. Mita 5,500 uzito huo ni chini ya asilimia 60 ya wa pwani, kwa hiyo ndege lazima aende kasi zaidi ili asidondoke, na kazi ya kuruka hupanda kwa karibu theluthi. Mpanda mlima akichoka huketi juu ya jiwe. Ndege aliyeko katikati ya bonde lenye kina hana pa kuketi.

Mezani jikoni

Sehemu kubwa ya mtambo huu inaonekana kwa macho kwa yeyote anayemkata kuku mzima. Mchune ngozi ya kifuani ukiwa umeacha bawa mahali pake. Mnofu mkubwa unaoukuta kila upande wa mfupa wa kidari ndio unaovuta bawa kwenda chini. Huo ndio wenye kazi nzito, kwa sababu pigo la chini ndilo linalombeba ndege.

Utenganishe taratibu na mfupa kwa ncha ya kisu. Chini yake utakuta mnofu mwingine, mwembamba na mrefu, wenye kano nyeupe inayong'aa upande wa bega. Huu ndio unaoinua bawa. Ajabu yake ni kwamba upo chini ya bawa ilhali kazi yake ni kulivuta juu. Kano yake hupenya kwenye tundu baina ya mifupa mitatu ya bega, huzunguka juu, kisha hujishikiza upande wa juu wa mfupa wa bawa. Ivute kano hiyo kwa vidole na utaliona bawa likiinuka lenyewe. Kwa ndege warukaji hodari, misuli hii ya kidari huwa kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wote wa mwili.

Sasa tazama rangi. Kidari cha kuku ni cheupe, na paja lake ni jekundu zaidi. Kidari cha njiwa au cha bata anayeruka ni chekundu sana, karibu na rangi ya maini. Kuku hutumia mbawa kwa sekunde chache tu, kupanda mtini au kumkimbia mbwa, na kwa muda huo msuli unaweza kuchoma sukari yake bila kusubiri oksijeni. Baada ya hapo umekwisha. Njiwa huruka saa nzima na zaidi. Wekundu wa kidari chake unatokana na damu nyingi iliyotapakaa ndani ya msuli, na mayoglobini, protini inayoshika oksijeni ndani ya seli, na mitokondria, zile sehemu za seli ambamo mafuta na sukari huchomwa kwa oksijeni. Ukiona kidari cheupe, huyo ni ndege wa kukurupuka. Kidari chekundu ni cha msafiri.

Kisha pasua tumbo na utafute mapafu. Mara nyingi yanasahaulika ndani, kwa sababu hayatoki pamoja na matumbo. Yapo juu, yamebana uti wa mgongo, na nyama yake imezama katikati ya mbavu kiasi kwamba lazima uyakwangue kwa kidole. Ni madogo, ya waridi, na ukiyatoa yanabaki na alama za mbavu. Mapafu ya mbuzi ukiyapuliza hujaa na kuvimba. Haya hayavimbi. Ukubwa wake haubadiliki karibu hata kidogo ndege anapopumua.

Kinachovimba ni vifuko vya hewa: ngozi nyembamba, angavu, zilizotanda tumboni na kifuani. Ndege wengi wana vifuko tisa, na baadhi yake huingia hadi ndani ya mfupa wa bawa. Kwa kuku mwenye afya ni vyepesi kiasi kwamba kisu hupita bila wewe kuviona. Ukivikuta vimekuwa vyeupe, vizito, au vina vipande vya manjano mfano wa jibini, huyo kuku alikuwa na ugonjwa wa njia ya hewa, na kabla ya kuchinjwa alikuwa ameshapoteza sehemu ya pumzi yake.

Pumzi inayopita bila kurudi nyuma

Vifuko ni mivukuto. Havichukui oksijeni vyenyewe kwa kuwa vina vishipa vichache mno vya damu. Kazi yake ni kuisukuma hewa ipite kwenye mapafu. Ndege akivuta pumzi, sehemu kubwa ya hewa mpya huenda kwanza kwenye vifuko vya nyuma. Akitoa pumzi, hewa hiyo husukumwa kutoka nyuma na kupita ndani ya mapafu. Akivuta tena, ile iliyokwisha kutumika huhamia kwenye vifuko vya mbele. Akitoa tena, hutoka nje. Kwa hiyo hewa moja humaliza safari yake kwa pumzi mbili, na ndani ya mirija midogo ya mapafu huenda upande mmoja tu, nyuma kwenda mbele, ndege akiwa anavuta au anatoa. Hakuna vali ya nyama inayofunga na kufungua. Umbo la njia, upana wake na pembe za matawi yake ndivyo vinavyoielekeza hewa.

Linganisha na mtu. Mtu mzima akivuta pumzi ya kawaida huingiza nusu lita hivi, na nusu lita hiyo hujichanganya na lita mbili na ushei za hewa ya zamani iliyobaki kifuani. Damu yake haikutani kamwe na hewa mpya tupu. Damu ya ndege hukutana nayo.

Tena hukutana nayo kwa mpangilio wa faida. Damu huukata mkondo wa hewa kwa upande, kwenye sehemu nyingi za mrija mmoja. Damu inayokutana na mwanzo wa mrija hupata hewa yenye oksijeni nyingi, ile ya mwisho hupata kidogo, kisha zote huchanganyika. Matokeo yake ni kwamba damu inayotoka mapafuni inaweza kuwa na mgandamizo wa oksijeni mkubwa kuliko wa hewa anayoitoa ndege puani. Kwa mapafu yetu jambo hilo haliwezekani.

Na kwa kuwa mapafu ya ndege hayatanuki, kuta zake zinaweza kuwa nyembamba bila kupasuka. Kwa mtu, ukuta unaotenganisha hewa na damu ni kama sehemu 6 za 10 za maikromita. Kwa ndege wadogo warukaji unafika karibu sehemu 1 ya 10, na maikromita yenyewe ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Mengi tunayoyajua kuhusu vipimo hivi yametokana na kazi ya miaka mingi ya Profesa John Maina, mwanasayansi kutoka Kenya, aliyepima mapafu ya aina nyingi za ndege kwa hadubini. Ni fahari kwa Afrika Mashariki, na inastahili kutajwa zaidi ya inavyotajwa.

Mwaka 1968 Mmarekani Vance Tucker aliwaweka shomoro na panya ndani ya chumba kilichopunguzwa hewa hadi kufanana na mita 6,100. Panya walilala hoi, hawajiwezi. Shomoro, jamaa wa hawa wanaookota punje za mchele masokoni, waliendelea kuruka, na hata kuongeza kimo ndani ya chumba. Hawakuwa ndege wa mlimani. Hilo linaonyesha kwamba mapafu ya ndege wote, hata wa mjini, yana nafasi ya ziada kabla hata ya kufikiria marekebisho ya wale wa Himalaya.

Kuhema kwa nguvu kuna madhara yake. Kunaingiza oksijeni, lakini kunafukuza hewa ya ukaa kupita kiasi, na damu hupungukiwa tindikali. Mtu akifika hapo, mishipa ya ubongo wake hujibana na kichwa humzunguka. Mishipa ya ubongo wa ndege haibani hivyo. Bata bukini wa Himalaya anaweza kuhema kwa kina na kwa kasi muda mrefu, na ubongo wake ukaendelea kupata damu.

Damu inayoshika kwa nguvu zaidi

Bata bukini huyo ndiye aliyechunguzwa kuliko ndege yeyote wa juu. Kitaalamu anaitwa Anser indicus: mwili wa kijivu, kichwa cheupe chenye mistari miwili myeusi. Huzaa Mongolia na nyanda za Tibet, na wengi hupitisha baridi India, kwa hiyo Himalaya ipo katikati ya njia yake.

Oksijeni ndani ya damu hubebwa na protini iitwayo hemoglobini. Ubora wa hemoglobini hupimwa kwa swali rahisi: inahitaji mgandamizo gani wa oksijeni ili ijae nusu? Kwa jamaa yake wa mabondeni, bata bukini wa kijivu wa Ulaya, vipimo vya maabara vilitoa karibu milimita 40 za zebaki. Kwa bata bukini wa Himalaya ni karibu 30. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo. Irudishe kwenye hesabu yetu ya mapema: palipo na 30 tu, hemoglobini ya huyu wa Himalaya imejaa nusu, wakati ya mwenzake imejaa chini ya theluthi. Moyo ukipiga pigo lilelile, damu ya mmoja inafikisha mzigo mkubwa zaidi ya mara moja na nusu.

Chanzo chake kinajulikana hadi kwenye kiungo kimoja kimoja cha protini. Hemoglobini imeundwa kwa minyororo ya aina mbili, alfa na beta. Nafasi ya 119 kwenye mnyororo wa alfa, mahali palipokuwa na kiungo kiitwacho prolini pamekuwa na kingine, alanini. Alanini ni ndogo, kwa hiyo mguso uliokuwa unaifunga hemoglobini katika umbo lake la kuachia oksijeni unalegea, na umbo la kushika linapata nguvu. Kuna mabadiliko mengine yanayosaidia, lakini hili ndilo lililojulikana mapema. Bata bukini wa milima ya Andes, Amerika Kusini, ambaye hana undugu wa karibu naye, amebadilika upande wa pili wa mguso huohuo: nafasi ya 55 kwenye mnyororo wa beta. Wawili hawa walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Hapo msomaji makini atauliza: damu inayoshika kwa nguvu mapafuni, itaachiaje msulini? Swali ni la haki. Hemoglobini huachia inapokutana na joto na tindikali, na msuli unaofanya kazi una vyote viwili. Mapafuni, hewa ya baridi inayohemwa kwa kasi huenda isiwahi kupata joto lote la mwili. Joto la nje hushuka nyuzi 6 hadi 7 kwa kila kilomita, na damu ikipoa kidogo hushika zaidi. Damu hiyo ikifika kwenye kidari chenye moto huachia. Baridi ya mlimani, inayoonekana ni adui tu, huenda inasaidia damu kupakia.

Moyo tutaupitia haraka. Moyo wa ndege ni mkubwa kuliko wa mnyama anyonyeshaye wa uzito uleule, na husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Kwa bata bukini wa Himalaya, upande wa kushoto wa moyo, unaosukuma damu kwenda mwilini, umesheheni vishipa vidogo kuliko wa bata bukini wengine. Nao ni msuli, nao unahitaji oksijeni yake kabla ya kumgawia mtu.

Ndani ya kidari

Kwa maoni yetu hapa ndipo penye uhondo, na hapa ndipo panapoelezwa kidogo kuliko pote.

Damu ikifika kwenye vishipa vidogo kabisa, kapilari, hakuna tena pampu. Kutoka kapilari hadi mitokondria oksijeni hujisambaza yenyewe, kutoka palipo nyingi kwenda palipo kidogo. Usambaaji huo ni wa haraka kwa umbali mfupi na wa pole mno kwa umbali mrefu: ukizidisha umbali mara mbili, muda huzidi mara nne. Pwani, ambako mgandamizo ni mkubwa, msuli unaweza kuvumilia umbali kidogo. Juu hauwezi. Mgandamizo unaobaki kwenye kapilari ni mdogo mno kiasi kwamba nyuzi za msuli zilizo mbali na damu zingebaki bila kitu katikati yake.

Dawa ya kwanza ni kuongeza kapilari. Kidari cha bata bukini wa Himalaya kina kapilari nyingi zaidi kwa kila uzi wa msuli kuliko kidari cha bata bukini wa mabondeni, hata wakilelewa wote pwani. Hilo la mwisho ni muhimu: halikuja kwa mazoezi ya mlimani, amezaliwa nalo. Pia ana fungu kubwa zaidi la nyuzi zinazotegemea oksijeni, na dogo la zile nyeupe za kukurupuka.

Dawa ya pili ni ya kupanga upya vilivyomo ndani. Mitokondria za kidari chake zimesogezwa pembeni, karibu na ngozi ya seli, ubavuni mwa kapilari. Sehemu ya umbali ambayo oksijeni ingelazimika kuivuka imeondolewa. Gharama yake ni kwamba nishati ikishatengenezwa pembeni lazima isafirishwe hadi katikati ya uzi, penye kazi ya kukaza. Lakini molekuli zinazobeba nishati husafiri ndani ya seli kwa wingi, ilhali oksijeni haiyeyuki vizuri kwenye maji. Ni bora kuisafirisha nishati kuliko oksijeni.

Mayoglobini hukamilisha kazi. Yenyewe hushika oksijeni kwa mgandamizo mdogo sana, milimita 2 au 3 za zebaki, kwa hiyo huipokea pale hemoglobini inapoiachia na kuipitisha ndani. Bawa linapokaza kwa nguvu msuli hujibana na damu hukwama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Akiba ya mayoglobini huziba pengo hilo. Bata bukini hupiga mbawa kama mara 4 kwa sekunde, kwa hiyo pengo ni fupi, na akiba ndogo inatosha.

Kinachochomwa ni mafuta zaidi. Gramu moja ya mafuta hutoa nishati zaidi ya mara mbili ya gramu ya wanga, tena wanga mwilini hukaa na maji yake, ambayo ni mzigo. Mafuta yana kasoro moja: kwa kiasi kilekile cha nishati hudai oksijeni nyingi kidogo kuliko sukari. Ndege wa safari ndefu amekubali kasoro hiyo kwa sababu uzito ni adui mkubwa zaidi. Ndege wa pwani wanaojiandaa kuondoka Aprili hunenepa, baadhi ya aina hadi kukaribia mara mbili ya uzito wao, huku kidari na moyo vikikua na firigisi ikisinyaa. Wanaongeza kinachotumia na kusukuma oksijeni, wanapunguza kisichohitajika angani.

Namna wanavyoruka hasa

Miaka mingi iliaminika kwamba bata bukini hupanda juu ya vilele vyote na kubaki huko hadi wavuke. Walipofungwa vifaa vya setilaiti ilionekana vingine. Kimo kikubwa kilichorekodiwa kilikuwa mita 7,290, na sehemu kubwa ya safari ilikuwa chini ya mita 6,000. Hupita kwenye mabonde na magenge, tena mara nyingi usiku na alfajiri, hewa ikiwa ya baridi na nzito zaidi. Mteremko mkali wa kusini mwa Himalaya huupanda kwa saa 7 au 8, kwa kupiga mbawa, bila kungoja upepo wa kuwasukuma.

Utafiti uliotoka mwaka 2015, uliopima mapigo ya moyo na ya mbawa, ulionyesha kwamba hufuata umbo la ardhi: wanapanda kilima, wanashuka bondeni, wanapanda tena. Mtu angesema wanapoteza kimo walichokihangaikia. Kumbe kupiga mbawa kwenye hewa hafifu kunagharimu haraka mno: kuongeza kasi ya mbawa kwa asilimia 5 tu hupandisha mapigo ya moyo kwa karibu asilimia 19, na nguvu inayohitajika kwa karibu asilimia 41. Kushuka hadi kwenye hewa nzito ni nafuu kuliko kung'ang'ania juu.

Mwaka 2019 ulitoka utafiti mwingine, ulioongozwa na Jessica Meir, mwanaanga wa Marekani. Bata bukini waliolelewa na watafiti tangu kuanguliwa walirushwa ndani ya bomba la upepo wakiwa wamevaa kinyago kilichowapa oksijeni asilimia 10.5, sawa na mita 5,500 hivi, kisha asilimia 7, sawa na mita 9,000 hivi. Waliruka. Mioyo yao haikwenda mbio kuliko kawaida. Walipunguza matumizi ya mwili, na damu inayorudi moyoni ilipoa. Lakini tukumbuke kwamba ndani ya bomba lile hewa yenyewe ilikuwa nzito ya kawaida, oksijeni tu ndiyo iliyopunguzwa, na safari ilikuwa ya dakika. Inathibitisha kwamba mwili unaweza. Haithibitishi kwamba ndege angemudu saa nane mita 9,000.

Kwa sababu hiyohiyo rekodi ya tumbusi wa Rüppell isichanganywe na hizi. Tarehe 29 Novemba 1973 tumbusi huyo aligongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan, kwenye kimo cha karibu mita 11,300, na ndiye ndege wa kimo kikubwa kuliko wote waliothibitishwa. Jamaa zake wapo Serengeti. Ana hemoglobini za aina kadhaa zinazoshika oksijeni kwa nguvu tofauti, na hilo humfaa anapopanda na kushuka kwa kimo kikubwa. Lakini tumbusi huelea juu ya hewa ya moto akiwa amekunjua mbawa, na kuelea kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na kupiga mbawa. Kwa upande wa misuli, mita 6,000 za bata bukini ni kazi nzito kuliko mita 11,000 za tumbusi.

Pale makabidhiano yanaposhindwa

Mfano wa karibu zaidi wa kushindwa upo mabandani, Unguja na Pemba, kwa kuku wa nyama. Kuku huyu amechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili kidari kikue haraka, na mapafu hayakukua kwa mwendo uleule. Msuli unadai oksijeni, moyo unasukuma damu nyingi zaidi, na mapafu yale yaliyobana mbavuni hayawezi kutanua vishipa vyake kuipokea. Presha ndani ya mapafu hupanda. Upande wa kulia wa moyo hutanuka na kulegea, vali yake huvuja, damu hurudi nyuma kwenye ini, na majimaji huanza kutoka na kujaa tumboni.

Dalili ni upanga kuwa wa bluu badala ya mwekundu, kuhema hata asubuhi kukiwa na ubaridi, tumbo kuning'inia, na kufa ghafla. Ukimpasua utakuta maji ya manjano, pengine na mabonge mfano wa jeli, na moyo uliopwaya upande mmoja. Ugonjwa huu ulijulikana kwanza kwenye nyanda za juu kama Bolivia, ambako hewa hafifu huufichua mapema. Pwani hauna sababu ya kuwa wa kawaida, lakini hutokea pale hewa ya bandani inapoharibika.

Jiko la mkaa la kupashia vifaranga ndilo la kutazamwa kwanza. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunusika, ambayo hunata kwenye hemoglobini kwa nguvu kuliko oksijeni na kuinyima nafasi. Mkaa uwashwe nje hadi uive, na kwa kuwa gesi hiyo huendelea kutoka hata moshi ukiisha, juu ya banda paachwe uwazi muda wote hewa itoke. Harufu ya kinyesi cha kuku inayochoma macho ni amonia, nayo huunguza njia ya hewa. Maranda yabadilishwe kabla hujaisikia. Vifaranga wasiachwe wapigwe na baridi usiku wa kipupwe, kwa sababu kujipasha joto hula oksijeni nyingi. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 34. Na palipowahi kutokea vifo vya namna hii, wapunguziwe chakula kidogo kuanzia wiki ya pili, ili kidari kisiyatangulie mapafu.